Madam Yuko Likizo, Mimi Ndiye Mlipaji

Kuku kunyonyoka manyoya sina ugomvi nako. Ni maumbile. Ugomvi wangu ni bajeti.

Tuna kuku mmoja hapa Kanja ambaye binti yangu alimpa jina Madam kabla hajaenda chuo Nairobi. Tangu baridi ya Julai ituangukie, Madam ameacha kutaga. Manyoya yalianza kumtoka kichwani, yakashuka shingoni, kifuani na mgongoni, na sasa zamu ni ya mkia. Ua mzima ni kama mtu amepasua mto. Jirani mmoja alisimama langoni akamtazama, kisha akauliza kama siku hizi tunanyonyoa kabla ya kuchinja ili kuokoa muda.

Pendekezo langu lilikuwa la kiungwana: supu. Kuku asiyetaga, asiyeatamia, na bado anakula, kwa hesabu za huku kwetu huyo ni mboga. Mama Watoto akanijibu bila kuinua macho kwenye mboga za kunde alizokuwa akichambua: "Mchinje tu, Baba Watoto. Lakini vile vijinyoya vichanga utavichomoa wewe, kimoja kimoja, na mimi nitakuwa nimelala." Nikaahirisha supu.

Halafu binti akapiga simu na maagizo. Amesoma mengi kuhusu namna ya kumtunza ndege anayebadili manyoya, ila yote aliyosoma yanahusu kasuku. Kasuku ninayemjua mimi ni yule aliyechorwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ambao mafuta yakiisha unahamia sokoni kupimia maharagwe. Kasuku mwenyewe, yule wa kijivu anayesema, ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, na zamani alifika hadi msitu wa Kakamega. Mwaka 2016 nchi zilikutana Johannesburg zikamweka kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikafungwa. Hapa Kenya humfugi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Sasa ndege mwenye makaratasi kama hayo akidekezwa, naelewa. Tena anaongea, hata akikutukana, anakutukana kwa ufasaha. Madam hana kibali hata cha chifu, na ndiye anayelala jikoni ndani ya boksi lililotandikwa maranda.

Isitoshe, kasuku ana staha. Hudondosha unyoya mmoja bawa hili, na mwenzake bawa lile, ili asishindwe kuruka. Ukimwona kasuku amebaki uchi, ujue ni mgonjwa au anajinyonyoa mwenyewe kwa upweke, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Madam alivua nguo bila haya kisha akapita mbele ya wageni.

Agizo la kwanza: asishikwe. Unyoya mpya huchomoza ukiwa ndani ya kijiala, na ndani yake mna damu. Ukiubonyeza anaumia, ukiuvunja unavuja. Kwa hiyo nyumba nzima inampisha njia. Mimi mgongo ukiniuma hakuna anayenipisha, naambiwa gunia la chakula cha ng'ombe limefika na mkokoteni umeondoka.

La pili: apate joto. Hili sikulibishia sana, maana Julai ya Kanja naijua. Ukungu unateremka kutoka Mlima Kenya asubuhi na haurudi ulikotoka hadi mchana, wachumaji wa majani chai wamejifunga nailoni kiunoni, na jua tunalisikia tu redioni kwamba liko Garissa. Ndege asiye na manyoya kwenye hali hiyo chakula chote anakimalizia kutetemeka. Basi akaingia jikoni, upande wenye moto. Kigoda changu kikasogezwa karibu na mlango.

La tatu nililipinga kabisa. Eti anyunyiziwe maji ya uvuguvugu ili vile vijiala vilainike na muwasho upungue. Kasuku huenda anafurahia, lakini kuku huoga vumbi, na kwa baridi hii maji yatamwua. Tulikubaliana juu ya majivu. Tangu siku hiyo majivu ya jiko yamekuwa mali ya serikali. Nikiyachota kuyapeleka shambani kwenye migomba naulizwa ninayapeleka wapi.

La nne ndilo lililonifanya nichukue kalamu: chakula. Unyoya karibu wote ni protini, na ukimpa kuku mahindi matupu atakaa uchi hadi Krismasi. Kijana wa agroveti kule Runyenjes aliniambia chakula cha kuku wa mayai kwa sasa kina chokaa nyingi ya maganda ambayo Madam hana kazi nayo. Nimpe cha vifaranga, kina protini zaidi. Bei yake aliitaja akiangalia pembeni. Juu yake ziongezwe omena, mbegu za alizeti, sukuma wiki iliyokatwakatwa, na yai la kuchemsha.

Rudia hapo kwenye yai. Kuku wangu amegoma kutaga, kwa hiyo mimi natoka nyumbani kwangu, mfugaji wa kuku, naenda kioski kununua yai la kuku wa mtu mwingine, nalirudisha, linachemshwa, linamenywa, linapondwa, analetewa aliyegoma. Hata wabunge wetu kwa marupurupu yao hawajafikia hapo. Mwenye kioski anajua vizuri kwamba nafuga. Kila mara ananiuliza kulikoni. Namwambia nina wageni.

Nikauliza itaisha lini. Naambiwa kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12, na kwamba kuku mtagaji hodari hupukutisha haraka, mvivu ndiye hujivuta. Madam anajivuta. Huko Ulaya angalau wanajua msimu: siku zikianza kufupika, kuku wanajua wakati umefika. Sisi ukipanda matatu ya Meru unavuka ikweta kabla hujafika mjini; mchana wetu ni ule ule mwaka mzima, na kuku hana kalenda. Huku wanaangushwa na baridi, njaa, kiu, kuatamia muda mrefu au mshtuko. Mama Watoto ameshaamua ni mshtuko, na kwamba umetokana na mimi kufokea habari za saa moja.

Nilichukua tochi nikamkagua nikitafuta viroboto na utitiri, maana hiyo ingekuwa kesi nyingine. Ngozi safi. Shingo haijapinda, kinyesi si cha kijani, kwa hiyo hata ugonjwa wa Newcastle hana. Anakula, anakunywa, anapiga miayo. Afya yake ni nzuri kuliko yangu.

Juzi usiku nililetewa githeri, na pembeni yangu kikapita kisahani cha omena na yai. Nikamuuliza Mama Watoto, kwa upole kabisa, kwa nini protini za nyumba hii zinanipita. Akaushikilia ule mwiko hewani, akakitazama kipara changu kwa muda mrefu, akasema, "Ya Madam yanaota."