Mcheki, Shusha Mkazo: Mwongozo wa Kutamka Ugenini

Kama wewe ni Mcheki na unataka mwenye mgahawa wa Madrid ajue kwenu ni wapi kabla hujaagiza chakula, kazi ni nyepesi: bamiza silabi ya kwanza ya kila neno. Kicheki ndivyo kilivyo. Mkazo umepiga kambi mwanzoni na hauhami. Ukikuta alama juu ya irabu, ivute, kwa sababu kwenu á ni a ndefu, basi. Kwa Mhispania alama hiyohiyo huonyesha pa kuweka mkazo. Sema habló, yaani "alizungumza", kwa kishindo cha mwanzoni, naye atasikia hablo, "nazungumza", kisha ajiulize hiyo o inayoburutwa inaelekea wapi. Anayejua tofauti ya barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" hahitaji kuelezwa zaidi.

Paris nako, kata pumzi kooni mbele ya kila irabu inayoanza neno, les amis litoke vipande viwili badala ya lezami. Rouge imalizie kwa sh, maana Kicheki hakiachi konsonanti ghuna kama hiyo mwishoni mwa neno. Italia, zipite mbio konsonanti pacha: utaomba kalamu, penna, usikike unaomba adhabu, pena.

Tuje kwenye tiba. Nawasihi walimu wasianze na r. Mcheki ameikirimia dunia ř. Perro ya Kihispania haimtishi, na ñ anayo tangu utotoni, huiandika ň. Kinachomponza ni mkazo, na hapo ndipo saa za darasani ziende.

Habari njema ni kwamba Kicheki hutenganisha mkazo na urefu, kwa hiyo sikio limeshazoea kuvipima mbalimbali. Chukua teléfono. Gonga meza mara nne, te-le-fo-no, pigo la pili liwe zito, irabu zote zibaki fupi. Rudia mpaka mkono utangulie ulimi. Halafu ingia kwenye mtego wenyewe: katika Kicheki kihusishi cha silabi moja hunyakua mkazo wa neno linalokifuata, kwa hiyo "kutoka Madrid" hugeuka kwa urahisi kuwa DE Madrid. Pitia de kama haipo, uangukie drid kwa uzito wote. Ukiyaweza hayo katika sentensi nzima, bila kugonga meza, ndipo uiguse r ya Kifaransa.