Namna ya Kula na Kusoma Bila Kufaidika

Mwongozo huu ni wa watu wazima waliokwisha maliza mitihani. Mwanafunzi mwenye riwaya ya lazima aufunge ukurasa huu sasa hivi, arudi kwenye dhamira, wahusika na tamathali za usemi. Raha yake itamngoja. Na mwenye karatasi ya daktari asije akasema tulimponza. Waliobaki, vueni viatu.

Anza na kitabu. Kitafute kisicho na faida, kazi ambayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana rafu za mbele madukani zimeshikwa na vitabu vya kukutajirisha, kukupunguza tumbo na kukuamsha saa kumi alfajiri. Usisome jalada, majalada huahidi. Fungua katikati. Ukikuta hatua saba za jambo lolote lile, kirudishe ulipokitoa. Ukikuta mtu amesukuma mlango wa chumba cha hoteli akamwona mwenyeji wake kalala kifudifudi, kisu mgongoni, uliza bei.

Asiye na pa kuanzia asihangaike, Kiswahili hakijapungukiwa. Yupo Willy Gamba wa Elvis Musiba, yupo Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mashujaa ambao wengi walikutana nao chini ya dawati, huku juu ya dawati mwalimu akiendelea na mito na mabonde. Yupo na mkubwa wao, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetoka Unguja na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Kitabu hicho kilishinda shindano la uandishi hata kabla hakijachapishwa, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kukichambua. Uchambuzi usikutishe. Haumo ndani ya kitabu.

Mpelelezi na chakula lazima wapatane. Bwana Msa huvuta kiko na kufikiri, hana pupa. Huyo ni wa chai ya tangawizi na maandazi ya hiliki, mnatafuna pamoja taratibu. Willy Gamba hukimbizwa, hupiga, hupigwa. Ukimsoma na supu ya moto utaungua. Huyo mpe korosho.

Sasa mikono, na hapa ndipo wengi huanguka. Mila imekwisha gawa kazi: wa kulia unakula, na wa kushoto, uliofukuzwa kwenye sahani tangu utotoni, hatimaye umepata ajira. Ufunue kurasa. Tatizo ni kwamba riwaya za zamani, zile ambazo gundi yake imekauka, hazikubali kulala chali; ukiziachia tu zinajifunga na kumeza ukurasa uliokuwa ukiusoma. Upande wa kushoto kandamiza kwa kopo la chumvi, upande wa kulia kwa ukingo wa sahani. Simu usiitumie, itawaka. Bakuli la mchuzi likae mbali kiasi cha mkono ulionyooka. Ukimega tonge usiliangalie: vidole vinaijua njia ya kwenda kwenye mchuzi, na mdomo haujawahi kuhama.

Si kila chakula kinasomeka. Changu wa kukaanga hasomeki kabisa. Mwiba wake husubiri mpaka muuaji anakaribia kutajwa, na ni aibu kubwa kugongwa mgongoni na jirani huku bado umeshikilia mstari kwa kidole. Urojo nao uache peke yake. Kiazi, bhajia, kachori, mishkaki, chatne, kisha ule uchachu wa embe na ndimu unaokuja nyuma ya vyote: anayekula urojo ana mambo ya kutosha kufuatilia. Ubuyu mwekundu unaruhusiwa, ila ujue kila ukurasa utabaki na alama ya kidole chako, na kesi ikifika polisi haitachukua muda.

Kwenye sinia, kamwe. Si kwa ajili ya adabu tu, ingawa bibi yako atakuwa na la kusema. Ni hesabu. Nyama za pilau hukaa katikati, na katikati hapamngojei mtu anayemalizia sura ya nne.

Ukishatulia hivyo, atakuja mtu. Huja kila mara.

“Mwanangu, una mtihani?”

“Sina, shangazi.”

“Sasa unasoma nini?”

“Kuna bwana ameuawa, namtafuta aliyemuua.”

“Yarabi! Lini?”

“Zamani.”

“Na mpaka leo hawajamkamata?”

“Niko ukurasa wa themanini.”

Shangazi ataondoka akikuombea dua, na hana madhara. Wa kuogopwa ni yule mwingine, anayevuta kiti na kuuliza umejifunza nini. Usiteleze ukasema kitabu kinafundisha kwamba siku za mwizi ni arobaini. Ukishatoa funzo, kesho utaombwa muhtasari, keshokutwa utachaguliwa katibu wa kikundi cha wasomaji, na sambusa zitaletwa zimefunikwa, zibaki zimefunikwa hadi mjadala uishe. Sema hujajifunza kitu. Akishangaa, msogezee sahani. Na anayekueleza kwamba muhogo una nyuzinyuzi, mwitikie kwa heshima, kisha ongeza tui.

Aliyebobea hahitaji hata kitabu. Ananunua karanga za kukaanga, zile zinazofungwa kwenye kikaratasi kilichosokotwa, anazimimina kiganjani, anakikunjua kikaratasi na kuanza. Humo nimesoma nusu ya matokeo ya ligi ya msimu uliopita, jibu la Hisabati lililopigwa mkasi mwekundu, na barua ya mama mmoja kwa mshauri wa mapenzi wa gazeti: mumewe ameanza kuchelewa kurudi, anapokea simu uani, na juzi, alipokuwa akifua shati lake, ndani ya mfuko alikuta... Hapo karatasi imechanwa. Doa la mafuta limeenea juu ya neno la mwisho, na ushauri umeondoka na karanga za mteja mwingine. Ukiinua ukurasa juani, mwanga unapita kwenye doa, unaona herufi za upande wa pili, ambazo ni tangazo la kiwanja Kibaha. Usinunue za pili kwa kutafuta jibu. Muuzaji hapangi kurasa, na utashiba kabla hujajua shati lilikuwa na nini.

Limebaki suala la kitabu cha kuazima, kwa kuwa vitabu vitamu karibu vyote ni vya watu wengine. Doa la mchuzi wa nazi halitoki. Ukilisugua kwa maji linapanuka, ukilisugua kwa limau linageuka ramani. Liache. Kirudishe kitabu mchana, wakati mwenyewe yuko mezani na mkono wake wa kulia umeshika tonge, hawezi kukipokea vizuri wala kukikagua. Mwambie kizuri sana, hasa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Akikuazimisha kingine papo hapo, chukua. Akikuambia kwanza ukae ule, kaa, lakini kitabu kipya kiweke chini ya paja.