Heko, Sifuri ya Taifa Stars

Siku Stars inapocheza, pale Mbezi Luis jirani na stendi ya Magufuli hakuna anayetafuta kalkuleta. Hesabu zinapigwa kichwani: sisi tukitoka sare, wale wakifungwa, wengine wasizidishe bao moja, tumepita! Bodaboda aliyeikimbia hisabati tangu kidato cha pili anachambua tofauti ya mabao kama mhasibu wa benki. Nani kamsomesha? Kufungwa.

Timu inayoshinda hulea wavivu. Misri wana vikombe 7 vya Afrika. Shabiki wao Cape Verde na Lesotho zinamhusu nini? Sisi zilituhusu. Machi 24, 2019 tuliichapa Uganda 3-0, na bado sikio moja lilikuwa kwa Lesotho, asije akashinda. Wakatoka 0-0 na Cape Verde, tukafuzu Fainali za Afrika. Kuna watu hapa wanaipenda Cape Verde mpaka leo, wala hawajui iko bahari gani.

Tuingie kwenye daftari. Mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola kutupeleka Fainali za Afrika mjini Lagos, tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Tukapumzika miaka 39. Misri 2019 tulifungwa zote tatu, hata na Kenya, jirani mwema. Ivory Coast, Januari 2024, sare mbili na kipigo cha 3-0 kutoka Morocco. Fainali za 2025, kule kule Morocco: Nigeria 2-1, Uganda 1-1, Tunisia 1-1. Pointi mbili! Zikatuvusha hadi 16 bora kwa mara ya kwanza. Wengine huvuka kwa kuumiza watu; sisi tulivuka bila kumuudhi mtu. Kisha mwenyeji akatufunga 1-0, na mwenyeji, kwa mila zetu, hakosewi adabu.

Mechi 13, ushindi sifuri. Nitajieni kitu kingine cha umma kilichosimama imara hivyo tangu 1980. Shilingi imeyumba, sukari imepanda, Barabara ya Morogoro imepanuliwa hadi nyumba za watu zikavunjwa. Sifuri haijaguswa.

(Msinitajie CHAN ya 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani. Tulishinda mechi tatu mfululizo, vijiwe vikakosa mada. Ashukuriwe Morocco kwa kututoa robo fainali.)

Mzee Mwinyi aliwahi kuifananisha soka yetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu anajifunzia kunyoa. Watu walicheka, wala hawakuona neema iliyomo: kichwa cha namna hiyo hakikai na chawa. Algeria walipotunyoa 7-0 Novemba 2015, mtu wa Simba na mtu wa Yanga walikaa benchi moja wakamlaani beki yuleyule. Ni mkutano gani wa hadhara umewahi kuwakalisha hivyo?

Kinachonitia hofu ni 2027. Tumepewa uenyeji wa Fainali za Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na mwenyeji haulizwi pointi ili aingie. Hesabu za kufuzu tumenyang'anywa hivihivi, bila fidia. Yule bodaboda ameanza kusahau tofauti ya mabao. Tumebakiwa na hatua ya makundi tu, tena nyumbani, mbele ya watu wetu, mahali ambapo kijana yeyote anaweza kujisahau akafunga mawili.