Nywila Chini ya Kibodi

Mtaalamu wetu wa kompyuta ofisini ni mtu wa tahadhari kupita kiasi. Ameiagiza Windows itudai nywila mpya kila baada ya siku 42: iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, tena isifanane na yoyote kati ya 24 zilizopita. Ukikosea mara tatu akaunti inajifunga, na wa kuifungua yuko "njiani" tangu saa nne asubuhi.

Nasi hatukukaa bure. Dada wa mapokezi alianza na Mapokezi@1, sasa amefika Mapokezi@9. Kaka wa uhasibu kaandika yake kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika chini ya kibodi. Kwa usalama zaidi, juu yake kaandika SIRI.

Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 mwongozo uliotuletea balaa hili kwa ajili ya taasisi ya viwango ya nchi yake, alikiri mwaka 2017, keshastaafu, kwamba anajutia mengi aliyoyashauri. Mwaka 2019 Microsoft wenyewe wakaacha kupendekeza nywila zenye tarehe ya kuisha, kana kwamba ni maziwa. Habari hizo hazijafika ghorofa yetu. Labda zilitumwa kwa baruapepe, na baruapepe nayo inataka nywila.

Leo ni siku yangu ya 41. Mwenye kikaratasi cha njano cha ziada aniazime.