Rubaya Yaomba Kusoma Skripti

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa ofisi inayoshughulikia filamu, Pentagon, Arlington, Virginia, Marekani

YAH: OMBI LA KUPEWA SKRIPTI KABLA KAMERA HAZIJAWASHWA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii imeandikwa kwa niaba ya Rubaya, mji wa wachimbaji ulioko milimani huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukweli usemwe mapema: Rubaya haijamtuma mwandishi. Lakini katika filamu zinazopitia mezani kwako, stelingi naye hatumwi na mtu. Anaona moshi kwa mbali, anavaa miwani ya jua, anakwenda kuokoa. Mwandishi ameona afuate utaratibu huohuo, isipokuwa helikopta hana na miwani yake ni ya kusomea.

Wizara yako, ambayo tangu Septemba 2025 Rais Donald Trump ameiruhusu kujiita pia Wizara ya Vita (jina ambalo walau halimzungushi mtu), ina kanuni ya siku nyingi. Mtayarishaji wa filamu akitaka ndege za kivita, meli, kambi au askari wa kupitapita nyuma ya stelingi, huleta skripti kwanza. Inasomwa. Pasipopendeza panaandikwa upya. Siku ya kupiga picha ofisa wenu anakuwa pembeni, na filamu ikikamilika mnaonyeshwa kabla haijafika sokoni. Undugu huu ni wa tangu enzi za filamu bubu: Wings ya mwaka 1927, iliyotengenezwa kwa ndege na askari wa jeshi la Marekani, ndiyo iliyotwaa Oscar ya kwanza kabisa ya filamu bora.

Kwenye sinema za madubwana na vyombo vya angani, kalamu yenu imefanya kazi ya kusifiwa. Katika Hulk (2003), operesheni ya kulisaka lile jitu la kijani iliitwa Ranch Hand, ambalo lilikuwa jina halisi la kampeni ya kumwaga dawa za sumu juu ya misitu ya Vietnam. Baada ya jeshi kutoa maoni, ikaitwa Angry Man. Katika Iron Man (2008), ambayo sehemu yake ilipigwa katika uwanja wa kijeshi wa Edwards, California, mwakilishi wenu wa wakati huo, Phil Strub, alivutana na mwongozaji Jon Favreau kwa ajili ya sentensi moja: mwanajeshi alikuwa aseme kwamba watu wangejiua ili wapate nafasi kama yake. Kujiua kukafutwa, pakawekwa kutembea juu ya makaa ya moto. Independence Day (1996) mliisusa kwa sababu watengenezaji hawakukubali kuiondoa kambi ya siri ya Area 51. Na The Avengers (2012) mlijitoa kwa kuwa ofisi ilishindwa kuelewa lile shirika la SHIELD liko chini ya nani. Kwamba jeshi la viumbe wa ajabu linamiminika kutoka tundu la angani juu ya New York, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa nani anampigia nani saluti.

Umakini wa namna hiyo Rubaya inauonea wivu.

Sasa hoja yenyewe. Vilima vya Rubaya hutoa takribani asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Koltani ikisafishwa hupatikana tantalamu, na tantalamu ndiyo inayotengenezewa kapasita, vifaa vidogo kama punje ya mchele vinavyotunza umeme ndani ya simu, kamera, kompyuta na mitambo ya kuongozea makombora. Huchanganywa pia na metali nyingine kutengeneza mapanga ya injini za ndege, yale yanayotakiwa kuvumilia moto bila kulegea. Kombora la TOW 2B, lililoundwa kupita juu ya kifaru na kukipiga utosini, limebeba vilipuzi viwili vyenye bamba la tantalamu. Hakuna awezaye kuapa kwamba kokoto fulani ya Rubaya iliishia ndani ya ndege za F-22 zinazoonekana kwenye Transformers (2007); madini yakishayeyushwa hayana tena kwao. Lakini kwa hesabu ya jumla mchango upo, tena mkubwa. Katika filamu ile lori linageuka jitu. Kwetu udongo unageuka kombora, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kupiga muziki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kanuni ni yenu wenyewe: aliyetoa vifaa husoma skripti. Rubaya imetoa vifaa kwa zaidi ya miaka 20 na haijaletewa hata ukurasa mmoja.

Mkituma wasomaji, waanzie shimoni. Watamkuta kijana na beleshi, mtaimbo na tochi ya kichwani. Udongo hupandishwa kwa magunia mgongoni hadi penye maji, ukaoshwa mpaka zibaki kokoto nyeusi. Kifuko chake cha kokoto ni kidogo, unaweza kukidharau hadi utakapokinyanyua. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika Desemba mwaka huo kwamba koltani ilitozwa dola 7 kwa kilo, kodi zikawaingizia waasi takribani dola 800,000 kwa mwezi. Barabara za kupitishia mzigo zilipanuliwa kwa salongo. Salongo, kwa faida ya ofisi yako, ni pale raia anapoitwa kulima barabara bila malipo, na anayeita ana bunduki. Kabla ya M23 walitoza PARECO-FF, kundi la wanamgambo wa upande wa serikali. Agosti 12, 2025, Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo hao PARECO-FF pamoja na ushirika mmoja wa madini na kampuni mbili za Hong Kong. Serikali yako basi inaijua Rubaya vizuri. Kwenye mafaili ipo, kwenye sinema ndiko haipo.

Zipo filamu zilizokaribia. Katika Battle: Los Angeles (2011), iliyosaidiwa na Marines wa Marekani, wageni wa angani wanavamia dunia kwa sababu ya maji. Katika Avatar (2009) mgeni ni binadamu mwenyewe, amekuja na askari wa kukodi kuchimba jiwe la thamani lililo chini ya mti wa wenyeji. Watazamaji wa Marekani walihesabu hayo kuwa ndoto za mbali. Kwa mtazamaji wa Masisi ni taarifa ya habari iliyochelewa: wenye silaha nzito wanateremka, wanataka kilichomo ardhini, na familia zinashika njia ya mji wa Sake na magodoro kichwani. Tofauti ni kwamba uvamizi wa kwenye filamu huwa umekwisha kabla saa tatu hazijapita, na watu wakaenda kupanga foleni ya choo.

Black Panther (2018) nayo isisahaulike. Watoto wengi wa Afrika waliipenda, na hawakukosea. Ila wasomaji wenu waulizwe: vibraniamu ya Wakanda inachimbwa na nani? Zinaonekana treni zinazoelea, maabara, na binti wa kifalme anayefanya mzaha. Mwenye beleshi hayupo. Wakanda ni Rubaya iliyowahi kufunga mlango kabla wageni hawajabisha, na ujanja huo ndio uwongo mkubwa kuliko vyote kwenye filamu ile, kuzidi hata vifaru wa porini wanaovaa deraya.

Kuhusu waokoaji, sinema zinazopendwa na ofisi yako huwaleta kwa helikopta, wenye vifua vipana na maneno machache. Mashariki mwa Kongo waliletwa kweli. Zaidi ya askari 280 wa kukodiwa kutoka Romania walikuwa mjini Goma, upande wa serikali. Mji ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 walijisalimisha, na tarehe 29 wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wakipanga mstari na mabegi yao kupekuliwa mmoja mmoja, kisha wakarudishwa kwao. Picha zipo. Kama kuna mwongozaji anayetaka mwisho usiotabirika, haki za hadithi hiyo hazijauzwa.

Wapenda ndege waende Walikale, Kivu ya Kaskazini hukohuko. Miaka ya 2000, bati la mgodi wa Bisie lilitembezwa msituni kwa miguu, likafika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Magari yalisubiri. Hakuna aliyelipia saa za ndege hizo kwa Pentagon, wala hapakuhitajika athari za kompyuta.

Labda ofisi itasema Afrika Mashariki haina uzoefu wa kuhariri filamu za kivita. Inao. Kwa miaka mingi kwenye vibanda vya video, muvi za Marekani zimepita kwenye midomo ya watu ambao hamkuwahi kuwasaini: Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya, VJ Emmie wa Kampala. Kanali anahutubia kikosi kuhusu uhuru wa ulimwengu. Mtafsiri anamwambia mtazamaji kwamba huyu mzee ana deni dukani na leo kapania. Kibanda kizima kinacheka, na hotuba mliyoipitisha kwa mihuri mitatu imekwisha hivyo. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti ambayo mwenyewe anasema haikufika dola 200, bunduki zikiwa zimechomelewa kutokana na vyuma chakavu. Makomando wanakufa kwa wingi, helikopta zinateketeza jiji, na juu ya yote VJ Emmie anapiga kelele za furaha. Ukimaliza kuitazama, Transformers inakuwa ngumu kuiheshimu: ni mchezo uleule, ila wenzetu wamepewa helikopta za kweli na hawacheki.

Masharti ya Rubaya hayatakuwa mazito. Askari wenu wabaki na saluti zao na machweo ya jua nyuma ya bendera. Yanaombwa mambo machache tu: kombora likirushwa, mtu fulani aulize limetoka wapi. Kisha, panapotiwa saini ya amani, filamu isikatwe hapohapo. Marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mjini Washington Desemba 4, 2025, mbele ya Rais Trump. Wiki haikwisha, M23 wakaingia mji wa Uvira. Mhariri wa kawaida angekata pale kwenye kalamu.

Na lipo tukio moja ambalo Rubaya ingependa liingizwe bila kuongezewa chochote. Januari 28, 2026, katika msimu wa mvua, ardhi ya machimbo iliporomoka. Msemaji wa utawala uliowekwa na waasi alisema waliokufa ni zaidi ya 200, wachimbaji pamoja na watoto na akina mama wachuuzi. Hakukuwa na kiumbe kutoka angani, hakukuwa na adui wa kulipuliwa. Ofisi yako itauliza tukio hilo linajenga vipi sura ya jeshi. Halijengi.

Mwishoni mwa kila filamu mliyoisaidia hupanda majina: madereva, wapishi, mafundi wa nywele, na shukrani kwa wizara. Rubaya inaomba mstari mmoja humo, hata kama ni baada ya wapishi.

Skripti itumwe kwenye bahasha iliyofungwa. Isipitishwe kwenye uwanja wa ndege wa Goma, maana ulifungwa mji ulipotekwa Januari 2025. Ipitie Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema angalau tani 150 za koltani ya Rubaya zilipita huko kwa magendo mwaka 2024, madai ambayo Kigali inayakana, kwa hiyo barabara inapitika.