Jinsi ya Kupata Fedha za Moshi Bila Kuusumbua Moshi

Wapo watu Tarime na Mugumu, Serengeti, wanaoamini kwamba ili upewe fedha za umma za kupunguza uchafuzi wa hewa, lazima upunguze uchafuzi wa hewa. Hao ndio wanaozungushwa ofisi hadi ofisi na andiko lao kwapani, mwaka unaingia na mwaka unatoka. Mwongozo huu ni kwa wale wengine: wenye katiba ya kikundi, muhuri na moyo wa subira. Fuata hatua zote, usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Chagua uchafuzi usio na mwenyewe

Usianze na vumbi. Ni kweli barabara ya Tarime–Mugumu, kilomita zipatazo 87, imewalisha watu vumbi miaka nenda rudi, na dawa yake kila mtu anaijua: lami. Lakini lami ni ya TANROADS, wakala wa barabara. Kikundi cha watu watano hakiwezi kuizindua, na kisichozinduliwa hakiandikiwi andiko.

Usiguse machimbo pia. Kule Nyamongo makarasha yanasaga mawe na kutimua vumbi, na wachimbaji wadogo wanachoma dhahabu yenye zebaki motoni hadi zebaki iondoke kama mvuke, unaoingia moja kwa moja mapafuni mwao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo ukiligusa hilo utajikuta umekaa meza moja na baraza la mazingira, NEMC, na watu wa madini, na wote watakuwa na maswali.

Chagua moshi wa jikoni. Hauna leseni, hauna wakili, na wanaoumizwa nao wako bize wanapika. Hawana muda wa kuja kikaoni kukukosoa. Serikali yenyewe imekwisha kusema kwamba moshi huo unahusishwa na vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka nchini. Namba hiyo iweke ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito, kisha usiirudie tena.

Hatua ya 2: Jua fedha ziko wapi

Ya kwanza ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Kumbuka kwamba huu ni mkopo, japo hauna riba. Kumbuka pia kwamba wakopaji wengi hawakulikumbuka hilo, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya utaratibu usimamishwe Aprili 2023, wakaguzi walipokuta vikundi hewa na marejesho hewa. Ulirejea Julai 2024 ukiwa na masharti makali zaidi.

Ya pili ni Mfuko wa Misitu Tanzania, TaFF, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Huu unatoa ruzuku kwelikweli, na majiko banifu yana nafasi yake humo.

Ya tatu, kama uko Tarime vijijini, ni fedha za uwajibikaji kwa jamii (CSR) za mgodi wa North Mara, ambao Barrick ina asilimia 84 na serikali 16. Sheria ya Madini inamtaka mwenye mgodi aandae mpango wa kila mwaka kwa makubaliano na halmashauri. Ndugu zetu wa Serengeti wao wamejaliwa nyumbu, na nyumbu hawasaini mpango wa mwaka.

Ya nne ni ruzuku ya gesi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Mitungi ya kilo 6 ipatayo 452,445 ilipangwa kusambazwa nchi nzima kwa nusu bei, wastani wa mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Sensa ya 2022 iliikuta Serengeti na watu zaidi ya 340,000. Hesabu hiyo usiifanye mbele ya mgeni rasmi.

Hatua ya 3: Unda kikundi

Watu watano wanatosha. Mwenyekiti awe mtu anayejua kuongea, katibu awe anayejua kuandika, na mweka hazina awe shemeji yako. Wanachama wawili waliobaki watajulishwa kwamba ni wanachama siku ya kupiga picha. Mama lishe wa stendi usimuingize. Anajua bei ya mkaa, anajua gesi inaisha baada ya siku ngapi, na atauliza maswali ya bajeti.

Hatua ya 4: Andika andiko

Andiko zuri lina maneno manne: uwezeshaji, tija, uendelevu na mtambuka. Yapange utakavyo, yatakubaliana. Taja Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mradi wako utachangia lengo hilo. Usiseme utachangia kiasi gani.

Kisha ingia kwenye bajeti. Kosa la waombaji wachanga ni kuweka fedha nyingi kwenye majiko. Fedha zikae kwenye semina. Semina ina ukumbi, ina posho, ina nauli ya wanaotoka Sirari na kijiji cha mbali zaidi utakachoweza kukitaja, ina kalamu na daftari, ina chai saa nne na chakula saa saba.

Siku yenyewe mtaalamu atasimama mbele kueleza jinsi chembe za moshi zinavyoingia mapafuni, na washiriki watatikisa vichwa. Nyuma ya ukumbi, chini ya mwembe, akina mama watatu watakuwa wameinama kwenye mafiga makubwa wakipuliza kuni mbichi, macho mekundu, kanga imefunika pua, kwa sababu wali na nyama ya washiriki themanini haviwezi kuiva kwenye jiko dogo la gesi la maonyesho. Upepo ukigeuka na moshi ukaingia ukumbini, mwezeshaji aseme: "Mnaona?" Hiyo itaandikwa kwenye taarifa kama mafunzo kwa vitendo.

Hatua ya 5: Zindua

Mradi ambao haujazinduliwa haujatokea. Andaa fulana, kofia, turubai, spika mbili na mitungi iliyopangwa safu moja, yote ikitazama upande wa kamera. Ukibahatika mbio za Mwenge zikapita kwako, hakikisha nyaraka ziko kamili, maana wakimbiza mwenge siku hizi wanafungua mafaili. Mgeni rasmi awashe jiko moja, akaange yai moja, asifu ladha, aondoke. Gari lake litaacha vumbi refu; usilihesabu, tulikwisha kukubaliana kwamba vumbi si letu.

Hatua ya 6: Andika taarifa

Hesabu mitungi, usihesabu moshi. Mitungi 60 imegawiwa, kaya 60 zimenufaika, lengo limefikiwa kwa asilimia 100.

Usirudi kwenye kaya hizo baada ya miezi mitatu. Ukirudi utaukuta mtungi sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki. Mwenye nyumba atakuambia bila hata kuona aibu kwamba gesi iliisha. Kuujaza kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na yeye fedha yake inaingia kwa siku, kidogo kidogo. Mkaa unauzwa kwa kopo, unanunua wa jioni moja. Gesi haiuzwi kwa kopo. Jambo hilo likiingia kwenye taarifa, mfadhili anaweza kuanza kufikiri.

Kama una shule kwenye mradi, nenda kwa miadi tu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Kwa miadi utaonyeshwa jiko la gesi linalong'aa. Bila miadi utaonyeshwa, hata usipotaka, rundo la kuni nyuma ya bweni.

Tahadhari: mambo ya kuepuka kabisa

Usianzishe mpango wa kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, kupitia mita inayofungwa kwenye mtungi. Dar es Salaam jambo hilo limekwisha kufanyika. Likifika stendi ya Tarime, mama lishe atanunua gesi ya shilingi elfu moja kama anavyonunua mkaa wa elfu moja, na mtungi utatoka sebuleni.

Usijenge mitambo ya bayogesi. Nyumba nyingi za Wakurya zina zizi, na samadi inalala pale pale bure. Mtambo ukikaa vizuri unapika kila siku bila kumngoja mtu yeyote azindue chochote, na shimo la samadi halipendezi kwenye picha.

Usijengee shule majiko banifu yenye bomba la kutolea moshi nje, wala usimfundishe mtu kukausha kuni kabla ya kuzichoma. Na wachimbaji wasipewe kifaa cha kunasia mvuke wa zebaki, maana ni cha bei ndogo na hakina mahali pa kubandika nembo.

Zaidi ya yote, usimuulize mpishi anataka nini. Atakujibu kwa sentensi mbili, na sentensi mbili hazijazi semina ya siku tatu.

Ukizingatia haya yote, mwakani utaomba awamu ya pili kwa urahisi kabisa. Sehemu ya "maelezo ya tatizo" hutahitaji kuiandika upya: nakili ile ya mwaka jana, badilisha tarehe.