Mkate Wenye Macho Manane

Istilahi za Kifaransa za kupogolea mizabibu humtega mfasiri tangu neno la kwanza. "Taille" shambani ni kupogolea, dukani ni saizi ya nguo, kwa fundi cherehani ni kiuno, na kwenye fomu za serikali ni kimo. "Taille courte" ikitafsiriwa harakaharaka huwa kimo kifupi, na mzabibu wa watu ukaitwa mbilikimo. Wakulima wanaosema Kiingereza hawautaji ufupi hapo. Husema "spur pruning", yaani kuachia vijiti vifupi vyenye macho machache. Ile ya vijiti virefu, "taille longue", kwao ni "cane pruning".

Mfasiri aliyeletewa Bagamoyo kazi ya kuzitia istilahi hizi katika Kiingereza ana shida nyingine: akiinua uso anaona minazi. Mnazi haupogolewi. Una kilele kimoja tu cha kuotea, na ukikikata umeuua. Ujuzi wa kisu anaoufahamu mtu wa pwani ni wa mgema, anayekata ncha ya karara ili tembo lidondokee kibuyuni. Zabibu ziko Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na hupogolewa kila mara baada ya mavuno.

Kifaransa chenyewe si kigeni Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo mwaka 1868. Mmoja wa waliofuata, Charles Sacleux, alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na ile nene ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Mimea nayo aliijua: kuna jenasi nzima iitwayo Sacleuxia. Lakini mteja anataka Kiingereza, na hapo padre hana msaada.

Sasa ichukuliwe amri ya kawaida kabisa katika mtindo uliopewa jina la Jules Guyot, daktari Mfaransa wa karne ya 19: "Laisser une baguette à huit yeux et un courson à deux yeux." Baguette inajulikana hata kwa mpishi wa hoteli za ufukweni, kwa hiyo tafsiri ya kwanza huagiza uachwe mkate mmoja wenye macho manane. Kinachotakiwa ni kijiti kirefu kitakachozaa msimu huu. Kiingereza hukiita "cane", na kwa aliyesoma shule zetu hiyo ni bakora. Courson ni kijiti kifupi cha kuandaa matawi ya mwaka ujao; Waingereza wamekiita "spur", jina lilelile la kipi cha jogoo. Basi mkate umekuwa bakora, na pembeni yake kimeota kipi.

Macho ndiyo yanayoudhi zaidi, maana ndiyo rahisi. Mkulima wa mihogo wa Kiwangwa anajua jicho la pingili ni nini, na Mfaransa anasema vivyo hivyo. Kiingereza cha mizabibu hupendelea "bud". Mfasiri aliyekwisha kufurahi kwamba Kiswahili na Kifaransa vinaelewana hulazimika kuyafuta macho yote kumi.

Kisha linakuja "gourmand". Hilo ni chipukizi linaloota kwenye shina la zamani, linakula chakula cha mti na mara nyingi halizai. Mfaransa amelihukumu kuwa mlafi. Mwingereza analiita "sucker", mnyonyaji. Msomaji wa Tanzania aliyekua na Azimio la Arusha la mwaka 1967 atadhani shamba linataifishwa. Migomba nayo ina machipukizi ya namna hiyo, ila huku huitwa watoto na hakuna anayewashitaki.

"Pleurs" ni utomvu unaotoka kwenye majeraha ya kupogolewa kabla macho hayajafumuka. Kwa Kifaransa mzabibu unalia, kwa Kiingereza unatoka damu. Mgema angeuliza kibuyu kiko wapi.

Mtego mbaya kuliko yote hauchekeshi hata kidogo. "Ébourgeonnage" limejengwa juu ya "bourgeon", yaani jicho la mmea, na kamusi humshauri mfasiri aandike kung'oa macho. Kumbe kazi yenyewe ni kupunguza machipukizi mabichi yaliyokwisha kuota, ambayo Waingereza huiita "shoot thinning". Mkulima akiifuata kamusi, atayatoa macho kabla hayajachipua na kukosa mavuno.

Kwa hiyo tafsiri ya namna hii isitoke mezani kabla haijasomwa na mtu anayeshika mkasi wa kupogolea. Na mfasiri asikubali kulipwa kwa idadi ya maneno. Adai malipo ya siku, na nauli ya Dodoma juu yake.